Hapana ya Mmoja

Karatasi ya choo ilipaa badala ya kuanguka. Ragnfrid aliitazama ikijikunja juu ya ukingo, kisha ikarudishwa na upepo na kumgonga Eivind kifuani.

"Hapana," Eivind akasema.

"Sijakuuliza."

"Nimekujibu mapema."

Ilikuwa saa mbili asubuhi na hiyo ilikuwa karatasi ya nne ya kupimia upepo. Chini yao Ukuta wa Kijivu ulishuka mita elfu moja hadi kwenye malisho ya kondoo. Mita mia mbili chini kulitokeza rafu ya mwamba, na kuikwepa kulihitaji hewa iliyotulia kabisa. Hakuna aliyewahi kuruka na parachuti kutoka hapo. Kwa miaka miwili wawili hao walikuwa wamedondosha mawe na kuhesabu sekunde, kisha wakachora mistari kwenye meza ya jikoni ya Eivind, aliyekuwa seremala, mpaka meza yenyewe ikaharibika.

Walikuwa na sheria moja. Hapana ya mmoja ni hapana ya wote wawili, na sababu haiulizwi mpaka wafike chini. Katika miaka tisa ya kuruka pamoja, Eivind ndiye aliyeitamka kila mara. Ragnfrid, muuguzi asiyejua kungoja, hakuwahi kuitamka hata siku moja.

Saa nne ukungu ulijaza bonde. Saa sita mvua ikaanza.

"Basi tushuke kwa miguu," Eivind akasema.

"Kwa kamba ipi?"

"Ya garini."

"Na nani alisema tuiache?"

"Wewe, mama! Ulisema kamba ni ya watu wanaorudi."

Korongo walilopanda alfajiri, theluji yake ikiwa ngumu kama saruji, sasa lilikuwa uji. Eivind alikwenda kulijaribu. Hatua ya sita theluji ilimtoka miguuni. Aliserereka mita kumi na tano, mkoba wake wa parachuti ukanasa kwenye jiwe, na bega la kushoto likateguka. Ili ajinasue ilimbidi afungue mikanda. Mkoba uliendelea na safari peke yake, ukavuka ukingo bila sauti.

Ragnfrid alimpandisha hatua kwa hatua, akichimba ngazi kwa ncha ya kiatu. Alimfunga mkono kwa skafu, kisha akapiga simu ya uokoaji.

"Helikopta haiwezi kuingia kwenye ukungu huo," sauti ikamwambia. "Watu wanakuja kwa miguu. Itawachukua saa tano, labda sita. Mmevaa nini?"

"Nguo za kurukia tu, nyepesi."

"Haya. Kaeni pamoja."

Waligawana kipande cha mwisho cha mkate wenye jibini ya kahawia. Eivind alitetemeka hadi saa tisa, kisha akaanza kuacha kutetemeka. Ragnfrid alijua maana yake: mwili ulikuwa unashindwa na baridi.

Hapo ndipo upepo ulipokufa. Ukungu ulipasuka mbele yao, na chini kabisa wakaona malisho, kondoo na ghala jekundu. Eivind alichomoa karatasi mfukoni kwa mkono mzima na kuiachia. Ilianguka wima kama uzi, mpaka macho yakaipoteza.

"Nenda," akasema. Ulimi ulikuwa mzito. "Utulivu huu hautadumu dakika kumi."

"Na wewe?"

"Mimi nachukuliwa. Kukaa kwako hapa kunanisaidia nini? Miaka miwili, Ragnfrid! Geuka nikukague pini ya parachuti."

Aligeuka. Vidole baridi vilipapasa mgongoni pake kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Iko sawa."

Ragnfrid akasogea mpaka ncha za viatu zikawa hewani. Kila kitu alichokuwa amekitaka kilikuwa pale chini, kimetulia, kinamngoja.

"Hapana," akasema.

"Nini?"

"Umesikia."

Akaivuta pini mwenyewe. Kitambaa chekundu cha parachuti kilimwagika juu ya mawe yenye maji, na hakuna mtu ambaye angeweza kukikunja upya mlimani pale. Alikizungusha mara tatu kuwazunguka wote wawili, akamkumbatia Eivind, akaanza kutukana: akautukana upepo, kamba ya garini na korongo, akamtukana na Eivind mwenyewe. Alitukana mpaka akasikia meno ya mwenzake yakianza tena kugongana.

Waokoaji waliwafikia saa moja jioni. Kilichowaongoza kwenye ukungu, walisema, ni ule wekundu.

Eivind aliishi miaka sita zaidi, mpaka ugonjwa wa mapafu ulipommaliza kitandani kwake. Hakuna kati yao aliyerudi kwenye ukuta ule. Parachuti ingali kabatini kwa Ragnfrid, haijafuliwa wala kukunjwa.

Lakini alfajiri baada ya kuokolewa, miguu yao ilipogusa nyasi za malisho, Eivind alisimama akishikilia bega.

"Tumefika chini," akasema. "Sasa sababu."

Ragnfrid alitazama kondoo.

"Upepo," akasema. "Kulikuwa na upepo kidogo."

Eivind, aliyeiona karatasi ikianguka wima kama uzi, alitikisa kichwa kukubali.

"Kweli," akasema. "Hata mimi niliusikia."