Koti la Vifungo Visivyofanana

Asubuhi ile Kasuku alitandika kitanda chake mwenyewe, na mama yake akacheka. Mtoto huyu wa darasa la kwanza aliitwa Kasuku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo, na shuka lake kila siku liliokotwa sakafuni. Leo shuka limenyooshwa, mto umewekwa katikati, na mwenyewe ameketi ukingoni, mikono mapajani, kimya.

"Leo jua limechomoza magharibi," baba yake alitania.

Kasuku alitabasamu kwa adabu. Mama alipombusu utosini alinusa harufu ya kitambaa kibichi, kama ya nguo iliyosahaulika kwenye ndoo. Akajiambia ni mvua ya jana. Mtu hujiambia mengi asubuhi.

Mama huyu alikuwa fundi cherehani, na sebule ndiyo iliyokuwa karakana yake. Fundi hodari, hilo tusimnyime. Ila alikuwa na ugonjwa wa vifungo. Kila nguo iliyoletwa kurekebishwa aliikata kifungo kimoja, akakitia katika chupa zake za kioo pale dirishani, kisha akashona kingine kilichofanana nacho hata mwenye nguo asigundue. Akipata nafasi alivimwaga mezani, akavipanga kwa rangi, akavimwaga tena, roho ikiburudika. Mumewe alipolalamika, alijibu, "Kwani nimeiba? Si nimewarudishia?" Mwizi hakosi hoja.

Juzi yake mwanamume mrefu alikuwa ameleta koti zito lililochanika bitana. Alisimama mlangoni, hakuingia. Kwenye koti lile hakukuwa na kifungo kilichofanana na mwenzake: cha pembe, cha shaba, cha mti, na kimoja cheupe, chenye vuguvugu kana kwamba kimetoka sasa hivi mkononi mwa mtu. Fundi alijua papo hapo kwamba mteja huyu naye ni mkusanyaji. Lingekuwa jambo la kumheshimu. Lakini tamaa mbele, mauti nyuma. Alikikata kile cheupe.

Jana, mvua ikinyesha, mwenye koti alirudi. Alipitisha kidole juu ya vifungo, polepole, akasimama palepale.

"Kinafanana sana," alisema. Akamtazama Kasuku aliyekuwa akiimba chini ya meza. "Una mkono mzuri, fundi. Hata mimi ninao."

Basi siku hii, mpaka mchana, Kasuku hakusema neno ila "ndiyo, mama." Alikula bila kumwaga. Aliketi alipoambiwa aketi. Fundi akarudi kwenye cherehani yake, na alipoacha kukanyaga ili abadilishe uzi, alisikia wimbo ule wa jana, wimbo wa kitoto usio na mwisho, ukiimbwa kwa sauti ndogo, ya mbali, sauti ya mtu aliyefunikwa nguo nyingi. Akainua macho kumtazama binti yake, na binti yake alikuwa amefumba mdomo, akimtazama yeye, na wimbo ukaendelea, ukaendelea, kutoka dirishani, kutoka ndani ya chupa ambamo kile kifungo cheupe kilikuwa kinatetemeka juu ya wenzake.

Hakupiga kelele. Alikwenda uani, akamshika mumewe mkono.

"Baba Kasuku," alinong'ona, "yule ndani si mwanetu."

Baba alichungulia dirishani, akausikiliza wimbo ule. Akampigia simu shangazi yake, mwanamke mfupi mwenye maneno makali ambaye watu walimtafuta majini yakiwashinda.

Shangazi alifika, akaziangalia chupa, akatikisa kichwa.

"Siku za mwizi ni arobaini, mwanangu. Amekufanyia ulivyomfanyia: katwaa kimoja, kakuachia kinachofanana."

"Nifanyeje, shangazi?"

"Weka kifungo chake kizingitini, atakuja. Ila atawaleta wote wawili mbele yako, na wewe ndiye utakayechagua. Hapo mimi sina dawa. Ukishachagua, usigeuze kauli, hata ukisikia nini."

Jioni ilipoanza kuingia, kifungo kikiwa kizingitini, umeme ukakatika, na ile harufu ya kitambaa kibichi ikajaa nyumba nzima. Mwenye koti alisimama mlangoni bila mtu kusikia hatua zake. Alikiokota kifungo, akalifungua koti, na ndani yake akaonekana Kasuku wa pili. Koti likamfunika na yule wa kwanza, likazunguka gizani, na lilipofunguka tena walitoka wawili wasiojulikana nani ni nani, gauni moja, kovu moja la goti, na wote wawili wakinuka koti. Wa kushoto alijitupa miguuni pa fundi, akimng'ang'ania sketi, akilia, "Mama, nichukue mimi, mama, ni mimi!" Wa kulia alirudi nyuma, akakunja uso, akageukia ukuta. "Hukunitafuta," alisema. "Umeshinda naye kutwa."

Fundi aliwatazama mpaka macho yakamuuma. Alijua kazi yake mwenyewe: kilichobandikwa siku zote hujitahidi kupendeza. Na yupi kati ya hawa alikuwa anajitahidi?

Akambandua yule wa kushoto, kidole kwa kidole, akamshika mkono yule aliyenuna.

"Huyu ndiye wangu."

Mtoto yule mwingine alipiga ukelele ambao baba alishindwa kuuvumilia, akaziba masikio. "Machozi ya jini hayo," shangazi alisema kwa haraka. "Usigeuke!" Fundi hakugeuka. Koti lilifungwa, na kilio kikakatika.

Harufu ikaondoka. Umeme ukarudi. Baba alilia kwa furaha bila aibu, na shangazi akakaa chini kwa mara ya kwanza tangu afike.

Baadaye fundi alimlaza binti yake, akamfunika, akakaa kando yake akimpapasa nywele. Alikuwa amechoka, na alikuwa na raha ambayo hakuwahi kuipata katika chupa yoyote.

"Mama," mtoto aliuliza, "ulijuaje ni mimi?"

"Ulinikasirikia, mwanangu. Kama usingekuwa wangu, usingethubutu."

Mtoto alilivuta shuka mpaka kidevuni.

"Ndivyo alivyosema mwenye koti," akajibu. "Aliniambia ninune. Akasema mwenzangu hataweza, maana anakupenda mno."