Nguzo Isiyonyweshwa Maji

Land Cruiser nyeupe ya Mwekezaji ilikuwa imeshatoka getini, imeshauacha mji wa maghorofa nyuma, na sasa ilikuwa inakula lami kuelekea uwanja wa ndege.

Nyuma yake, Yamaha nyeusi.

Juu ya Yamaha, Koleo.

Hilo si jina alilopewa na mama yake. Wenzake wa Idara ya Usalama walimwita hivyo kwa sababu akishabana kitu hakiachii. Ama king'oke, ama kivunjike.

Kifaa cha sikioni kikakoroma sauti ya mkuu wake wa kazi.

"Koleo. Babu hapa. Geuza."

"Nimeshamkaribia, Babu. Nipe ruhusa nimlaze chini."

"Geuza, nasema! Ukimgusa tu anabonyeza simu. Baruti ameiacha kwenye ghorofa lake jipya, ndani ya nguzo. Akishaweka mguu kwenye ndege, anapiga namba, na jengo zima linakaa chini."

"Nguzo ipi?"

"Mhandisi wake alikuwa anatuambia. Moyo ukamgoma katikati ya sentensi."

"Mlimbana sana."

"Tulimbana vibaya. Geuza pikipiki!"

Koleo alikanyaga breki. Tairi la nyuma lilichora nusu duara barabarani, dereva wa lori akamtukania ukoo mzima, na Yamaha ikarudi ilikotoka.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mwekezaji, mgeni mwenye tabasamu la bei ghali, alijenga ghorofa lake pembeni mwa mtaa wa zamani. Ghorofa lilikuwa chambo tu. Alichotaka ni mtaa wote, watu wafagiliwe, yeye na wenye mtaji wa kwao wauziane viwanja. Waziri wa Ardhi alikataa kutia saini. Leo Waziri huyo ndiye aliyekuwa mgeni rasmi wa ufunguzi, na wapangaji wa mtaa wa zamani walikaribishwa viti vya mbele. Naibu wake, ambaye kalamu yake ilikuwa nyepesi, aliamka na mafua.

"Babu, tuwatoe watu ukumbini?"

"Kuna jicho lake humo ndani, hatujui ni nani. Watu wakianza kunyanyuka, bosi wake anaambiwa, na tumekwisha."

"Na gari la kuzima mawimbi ya simu?"

"Limekwama kwenye foleni."

Koleo alicheka. Kicheko cha kwanza wiki hiyo, na hakikuwa kizuri kusikia.

Aliingia jengoni kwa mlango wa vibarua. Alilijua kama kiganja chake, maana miezi yote ya ujenzi alikuwa humo, anabeba zege kichwani na masikio wazi. Kazi ile alitafutiwa na Nyapara, mume wa mdogo wake. Mbele za watu Nyapara alimwita mzigo wa ukoo, na Koleo alimwacha afurahi.

Alimkuta kwenye stoo ya vifaa, anashindilia nguo kwenye begi.

"Aa, shemeji! Umenusa pilau la bure? Zunguka nyuma, vibarua wanakulia huko."

Koleo alifunga mlango. Akatia komeo. Akatoa bastola yake, Glock.

Nyapara akacheka. "Hiyo umeiokota jalala gani?"

Koleo alishika mkono wake, akauweka juu ya meza, akavunja kidole kidogo. Alikivunja taratibu, kama mtu anayevunja kijiti cha kuchokonolea meno.

"Nguzo ipi?"

Jasho lilimtoka Nyapara. "Nguzo gani? Zote zimejaa zege tu, shemeji!"

Kidole cha pili.

"Sijui! Haki ya nani, sijui!"

Mtu mgumu. Koleo alimfunga pingu kwenye nondo ya dirisha, akatoa simu, akaweka sauti ya nje.

"Mdogo wangu, uko wapi?"

"Nyumbani, kaka. Nilishavaa na gauni langu la njano, shemeji yako kanivua. Eti nisikanyage huko kabisa, joto litanidhuru na tumbo hili. Tangu lini ananihurumia?"

Nyapara alifumba macho.

Basi. Koleo alichokuwa anakitafuta kimeshajisema. Mume asiyejua kitu angemtaka mkewe akae mbele, watu wamwone.

"Amebadili mawazo," Koleo alisema. "Niko naye hapa. Kiti chako ni cha mbele, katikati. Ni hapo tu, kodi bodaboda, uwahi."

Nyapara alifungua mdomo apige kelele. Kiganja cha Koleo kilishauziba.

"Haya kaka, nakuja. Mwambie aniwekee soda baridi."

Simu ikakatika.

"Shetani wewe," Nyapara alinong'ona. "Yule ni dada yako. Mmenyonya ziwa moja."

"Na ni mkeo. Haya, tumtazame wote."

Ukutani palikuwa na skrini ya kamera za ulinzi. Ukumbi ulijaa. Waziri alikuwa anasalimia safu ya mbele. Haukupita muda, gauni la njano likatokea mlangoni, mkono kiunoni, hatua za bata, tumbo limetangulia. Mhudumu alimpeleka mpaka mbele. Akakaa. Akaanza kujipepea na kadi ya mwaliko, shingo anaizungusha, anamtafuta mumewe.

"Koleo," Babu aliita. "Mwekezaji ameshuka garini. Anapita ukaguzi."

"Nimesikia."

Alivuta stuli, akakaa.

"Na wewe utakufa," Nyapara alisema.

"Mimi nimeshazoea wazo hilo. Mtoto wako je?"

Kwenye skrini, mwanamke alishtuka kidogo, akacheka peke yake, akaweka kiganja juu ya tumbo. Mtoto alikuwa amempiga teke.

Nyapara alikatika kama uzi.

"Mwana wa Kambo!" alilia. "Iko kwenye Mwana wa Kambo!"

Koleo alishafika mlangoni.

Zege bichi hulelewa. Nguzo ikishafunguliwa mbao huvishwa magunia, ikanyweshwa maji asubuhi na jioni mpaka ikomae. Ile moja ya chini, kando ya jenereta, Nyapara alipiga marufuku isiguswe na tone. Alisema ni saruji ya kisasa. Kumbe aliogopa maji yatapenya mpaka kwenye nyaya. Vibarua hawakosi neno. Wakaiita Mwana wa Kambo, wenzake wananyweshwa, yeye anatazamwa tu. Koleo naye alicheka nao siku ile, ndoo kichwani.

Alishuka ngazi mbilimbili na nyundo kubwa begani.

Pigo la kwanza, plasta ikamwagika. Pigo la pili, zege likabomoka kama mkate mkavu. Halikukomaa, litakomaaje na kiu yote ile?

Pigo la tatu. Bomba la plastiki. Ndani yake vifurushi vya baruti, na Nokia ndogo imefungwa kwenye mfuko, waya wa chaji umetokea upande wa jenereta.

"Anapanda ngazi za ndege! Ametoa simu!"

Kwenye sinema huwa kuna waya mwekundu na wa bluu. Hapa zote zilikuwa nyeusi.

Koleo aliacha nyaya. Alishika kiwashio chenyewe, kile kidude cha shaba kilichochomekwa kwenye baruti, akaking'oa na kukitupa kwenye rundo la mchanga, nyaya zake zikikifuata.

Nokia ikawaka. Mchanga ukalia *pwa!*, kama chupa ya soda inayofunguliwa.

Basi.

Simu bado iliita. Koleo akaipokea.

"Mteja unayempigia hapatikani kwa sasa," alisema. "Tafadhali geuka nyuma."

Kwenye simu alisikia viatu vya watu wa Babu vinakimbia kwenye ngazi za ndege, Mwekezaji anapiga ukelele, kisha laini ikakatika. Juu, ukumbini, watu walikuwa wanampigia Waziri makofi.

Alipopita stoo, Nyapara alikuwa ananing'inia kwenye pingu.

"Mke wangu?"

"Anakunywa soda."

Koleo alijipangusa vumbi mabegani, akatoka nje, akawasha Yamaha.

Mwekezaji alikufa rumande kabla ya kesi. Taarifa ilisema shinikizo la damu. Yule aliyekuwa jicho lake ukumbini hakujulikana. Huenda alipiga makofi na wenzake, akala keki, akaenda zake. Naibu alipona mafua, akapelekwa ubalozi wa mbali. Nyapara alinyongwa. Mkewe alijifungua mtoto wa kike, na mahakamani ndipo aliposikia aliitwa ukumbini na nani, na kwa nini. Siku hizi akiulizwa ndugu, anasema kwao alizaliwa peke yake. Mwaka uliofuata Waziri alitia saini, akaupa mtaa wa zamani kwa kampuni nyingine, na wapangaji wa viti vya mbele waliondolewa kwa tingatinga. Babu alistaafu. Koleo alipewa likizo, akairudisha, akapangiwa mji mwingine.