Jina Nililoita Juu ya Munara wa Esanga

Mbele ya yote niungame. Mambo yaliyomupata Nicolas, mudogo wangu, yalitoka mu kinywa changu mimi Léon. Sikumupiga. Sikumutilia dawa mu chakula. Nilimuita tu jina, na jina lenyewe lilikuwa lake, limeandikwa mu karte yake ya utambulisho na muhuri juu. Kwa miaka mingi nilijificha nyuma ya ule muhuri. Lakini Mungu hasome karte.

Mimi ndiye nilianza kumupenda Clémence. Miezi minane nilimubebea kitunga chake cha samaki ya moshi, kutoka port ya Makiso mpaka soko, na sikumwambia neno. Nilikuwa ningali ninaomba Mungu anipe maneno. Bon, Nicolas akarudi kutoka masomo, akacheka naye siku moja. Siku moja tu! Pasaka ilipopita, akamuoa. Mama alicheza mpaka kiatu chake kikakatika. Ngoma ya arusi nilipiga mimi, nikichekelea watu mpaka mashavu yakaniuma. Tangu pale, kila nikisikia kicheko cha Clémence nyuma ya ukuta, roho yangu iliwaka sawa vile mutu amemeza pilipili.

Ujue pia mambo ya majina. Mwaka wa sabini na mbili leta, ni kusema serikali, ilikataza majina ya ubatizo. Kila mutu atafute jina la mababu. Papa yetu alisimama mbele ya karani wa bureau, musitari murefu wa watu unamusukuma kutoka nyuma, akatoa majina yaliyomufikia mu kichwa. Nicolas akapata Lotika. Lotika alikuwa mudogo wa papa, aliyezama mu muto mbele sisi tuzaliwe. Mwili haukupatikana.

Mama alikasirika. «Unamupa mutoto jina la mutu asiyezikwa?»

«Ni ya karatasi tu,» papa akajibu.

Mu nyumba tuliendelea kumuita Nicolas.

Pale Lotika alizama panaitwa Esanga ya Mwinda, ni kusema kisiwa cha taa. Iko chini ya muji wa Yanonge, kufuata mayi, pale muto Zaïre unapanuka mpaka hauone ngambo ya pili. Wabelge walijenga pale munara wa mawe na taa juu, ya kuonyesha meli njia kati ya michanga. Kisha leta ikafanya kisiwa chote kuwa pori lake: hakuna kukata muti, hakuna kupiga nyama, hakuna kulala bila ruhusa. Nicolas, kazi yake ilikuwa kupelekea mulinzi wa taa petroli.

«Yaya, mukubwa wangu, tuende pamoja,» aliniambia siku moja. «Ukipanda kule juu, utasema ni bahari!»

Furaha yake ikanichoma. Ana bibi, ana kazi, na sasa ana bahari pia.

Tulifika jua likishuka. Papa Lambert, mulinzi, muzee mwembamba wa kukohoa, alitungojea mu mayi mpaka magoti.

«Huyu ndiye yaya yako? Mbona amekunja uso sawa vile kontrolere wa tikiti?»

«Ni njaa, papa,» Nicolas akacheka. «Huyu bila samaki hata sala haipande. Yaya, pumuzika. Ninavuka pale kwa wavuvi, ninakuletea mubichi.»

Akarukia mu pirogue, mutumbwi wetu wa kasia, akaenda. Sababu yangu. Kunitafutia mimi chakula.

Giza likaanza kuingia. Papa Lambert akajaribu ngazi, kikohozi kikamurudisha.

«Léon, leo ni wewe. Utawasha taa, kisha utaita.»

«Kuita nani?»

«Kila mutu iko mu mayi. Leo ni Augustin na Hubert, wavuvi, na mudogo yako. Mara tatu tatu, kwa jina mama yake anamuitia mu nyumba. Taa inaonyesha njia, lakini jina njo linamutoa mutu mu mayi.» Akanishika mukono. Vidole vyake vilikuwa baridi. «Jina la nyumba, Léon. La karatasi, hapana. Kule chini wako wengi... wanangoja tu kuitwa.»

Nilipanda. Harufu ya petroli na ya mavi ya popo. Nikawasha. Mwanga ukaanguka juu ya mayi, na ndani yake nikaona pirogue, Nicolas amesimama anapiga kasia na kuimba. Wimbo aliomuimbiaga Clémence.

Nikaita Augustin mara tatu. «Eee!» akaitika. Nikaita Hubert. «Eee!»

Nikafungua kinywa mara ingine. Nikaona mu mawazo mikono ya Clémence juu ya shingo yake. Nikasema mu roho: ni jina lake, Bwana, sisemi uongo.

«Lotika!»

Wimbo ukakatika.

«Lotika!»

Vyura wakanyamaza, wote pamoja.

«Lotika...»

«Eee.»

Sauti haikutoka kwa pirogue. Ilitoka chini yangu kabisa, mu mayi, penye mizizi ya miti.

Pirogue ikakuja. Kasia haikulia. Nilipofika chini, alikuwa amesimama juu ya muchanga, amelowana tangu nywele mpaka nyayo. Samaki hakuna. Harufu ilikuwa ya matope ya siku nyingi, yasiyoona jua.

«Nani aliniita?» akanong'ona.

Papa Lambert akainua taa ya mukono mbele ya uso wake. Ulikuwa uso wa Nicolas. Muzee akarudi nyuma hatua mbili, akaniangalia mimi.

«Ulisema nini kule juu?»

«Jina lake,» nikajibu.

Tuliporudi mu nyumba, mama akamuita: «Nicolas!» Hakugeuka. Mezani akashika kijiko kwa mukono wa kushoto. Papa akaweka chake chini.

«Lotika alikulaga na mukono wa kushoto,» akasema polepole, macho ukutani.

Juma mbili zilipopita, Clémence akanifuata mu kikoni.

«Yaya, ule mutu hapana bwana yangu. Iko baridi. Kila asubuhi muchanga iko mu shuka.» Akashusha sauti. «Na kila magaribi anafunga dirisha ya upande wa muto. Anasema kuko mutu analia kule. Anasema tusimusikilize.»

Na roho yangu, Mungu anirehemu... ilifurahi kwanza. Kisha tu njo nikaogopa, nikatafuta pirogue.

Nilirudi Esanga. Nikapiga magoti mbele ya Papa Lambert, nikaungama yote. Nikapanda, nikaita Nicolas mpaka sauti ikakauka. Mbali, mbali sana, kikaitika kitu:

«Yaya...»

Lakini hakikusogea.

«Kinywa kilichofunga njia hakiwezi kuifungua peke yake,» muzee akaniambia. «Watu wengine wamuite.»

Papa Lambert amekufa, na leta haikutuma mulinzi mwingine. Munara uko giza. Mama alimuita Nicolas kila magaribi mpaka kufa kwake. Clémence alirudi kwao Isangi na mutoto tumboni, na nimesikia yeye pia anamuita. Ule mwingine angali anakaa mu nyumba ya mudogo wangu. Anakula kwa kushoto. Miaka kumi na mitatu, hana hata unywele mmoja mweupe.

Ile sauti inakaribia. Kidogo, kila mwaka kidogo. Mwezi jana niliisikia nikiwa port ya Makiso.

Sikuombe unihurumie. Ninakuomba kitu kimoja. Leo jua likishuka, mbele ya kusali, geukia upande mayi iko, hata kama ni kisima tu, na useme mara tatu, polepole, sawa vile mama yake alimuita: Nicolas.