Ua ni la Anayelimwagilia

Jua lilikuwa linazama upande wa Kongo Castory alipotia jembe dogo kwenye gunia, akamalizia maji ya keni yake ya kumwagilia juu ya krotoni, kisha akamwambia mkewe kuwa anatoka mara moja kutafuta udongo mzuri. Hakusema uongo mtupu. Udongo angerudi nao kweli, umeshikamana na mizizi.

Ila alikokwenda kuutafuta ni makaburini.

Castory alikuwa na kitalu cha maua pale Bangwe, kando ya barabara, ziwa likionekana nyuma ya neti yake ya kivuli. Kwa ufundi hakuwa mtu wa kubezwa. Alijua mche upi uachiwe jua na upi ufunikwe, na kiangazi hakumwagilia kitu mpaka jua lipoe. Kwa roho, hata hivyo, alikuwa mtu wa hovyo kabisa, na hakuna sababu ya kumfichia. Aliwadharau watumishi waliohamishiwa Kigoma kutoka mikoa ya baridi, wakaja kuulizia waridi kwenye joto hili. Aliwadharau wenyeji waliomwaga maji saa sita mchana, kisha wakalalamika kwamba majani yameungua. Wote aliwauzia kwa tabasamu, na wote aliwasema wakishageuka.

Waliodharauliwa kuliko wote ni wafiwa. Hao walinunua maua kwake, wakapanda juu ya kaburi, wakapanda mlima wa makaburi kila jioni na madumu ya maji mpaka mche ushike. Ukishashika, wanarudi kwenye shughuli zao. Hapo ndipo Castory naye alipopanda mlima. Aliung'oa mche na donge lake la udongo, akaufuta majani, akautia kwenye kiriba kipya cha plastiki na kuurudisha mezani. Kiangazi miche ya watu wengine ilikuwa imekauka, yake imenawiri. Kuna bibi mmoja wa Ujiji aliyenunua krotoni ileile mara mbili, kwanza kwa kaburi la mumewe, kisha kwa la shemeji yake, na akaisifu kwamba ya pili ni nzuri zaidi. Castory alicheka siku nzima.

Mkewe, Happiness, hakucheka. Alimwuliza kama haogopi. Castory akamjibu kwa msemo wake mwenyewe, ambao aliupenda mno.

"Ua ni la anayelimwagilia. Wao wameacha kumwagilia. Mimi namwagilia. Sasa la nani?"

Happiness akashika tumbo. Alikuwa na ujauzito mkubwa. Mimba zilizotangulia zote zilitoka, na kila ilipotoka moja nyumba ile ilikaa kimya kwa miezi. Hii ya sasa ilikuwa imefika mbali, karibu na kujifungua. Kila usiku Castory aliweka sikio juu ya tumbo la mkewe na kusikiliza kwa adabu ambayo hakuwahi kumwonyesha mtu yeyote. Mtoto huyo ndiye kitu pekee duniani ambacho Castory hakukidharau.

Jioni hiyo alikuwa anafuata waridi jeupe.

Lilinunuliwa na Melania, mama wa Kibirizi anayeanika dagaa. Alikuwa amezika kichanga kilichofariki kabla ya kupewa jina. Melania alimweleza Castory, bila kuulizwa, kwamba kwenye ukoo wao mtoto wa namna hiyo hulia huko chini, na mama yake ndiye anayemsikia. Hulia mpaka ua lake lishike mizizi. Mama analimwagilia kila magharibi, na siku likishika, mtoto ananyamaza. Castory alimcheka usoni. Alimwambia kichanga hajui waridi wala majani ya mihogo, achague tu lolote. Melania alichagua waridi, akalibeba kwa mikono miwili, akaondoka.

Kisha siku moja Melania aliacha kupanda mlima. Castory, aliyekuwa akimwona akipita kila jioni na dumu lake, alielewa maana yake. Mizizi imeshika.

Makaburini hapakuwa na mtu. Upepo wa ziwa ulileta harufu ya dagaa, kisha ukatulia. Kaburi lilikuwa dogo, na waridi lilisimama juu yake, bichi, kwenye mlima mzima uliokauka. Castory alipiga magoti, akachimba kwa kuzunguka shina kama ipasavyo.

Harufu ya dagaa ilikatika.

Ikaja nyingine… ya maziwa. Maziwa ya mama yaliyochachia kwenye kanga.

Alivuta. Ua likakataa. Alivuta tena, na alihisi wazi kabisa kwamba huko chini kuna kitu kimeshika mizizi, na kinashika kwa nguvu ndogo… ndogo sana. Kisha kikaachia.

Akasikia sauti nyembamba.

"Paka," alisema Castory kwa sauti, ingawa hakuna aliyemwuliza. Akatia ua kwenye gunia na kushuka mlima haraka, akijisimanga kwa kukimbia.

Kesho yake waridi lilichukuliwa na Mwalimu Sia, aliyekuwa amehamia Gungu kutoka Moshi na kuyakumbuka mno maua ya kwao. Haikupita wiki akarudi nalo juu ya bodaboda, amelishika mbali na kifua. Hakutaka kurudishiwa chochote. Aliliweka chini karibu na lango, akasema taratibu kwamba magharibi ikiingia ua lile linalia, na ukilimwagilia linanyamaza.

Castory akamwuliza chuoni walisomeshwa nini. Mwalimu alipanda bodaboda na hakugeuka nyuma. Castory akaona raha mbili, ya kuuza ua na ya kurudishiwa bure, na akasema wasomi nao ni washamba waliovaa viatu.

Happiness ndiye aliyelipenda. Aliliweka kwenye dirisha la chumbani, ndani, kwa sababu jua la nje lingeliua. Kila magharibi alilimwagilia yeye mwenyewe. Hakusikia kilio chochote, maana hakuwahi kuchelewa.

Jioni moja Castory alimkuta Melania amesimama langoni. Hakuingia. Alikuwa na dumu tupu mkononi.

"Mwidiwe," alimsalimu kwa Kiha.

Castory aliitikia kwa kichwa. Melania hakuwa na ghadhabu, na hilo lilimkera Castory zaidi ya matusi. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba mwanawe ameanza tena kulia. Alipanda mlimani akakuta shimo. Amepita kila kitalu cha mjini, na hiki ndicho cha mwisho. Macho yake yalikuwa yameshafika dirishani.

"Lile pale," alisema. "Naliomba."

Jambo lilikuwa dogo. Mtu mwenye akili angeingia ndani, akatoa ua, akaomba radhi hata kwa uongo. Lakini kumrudishia ni kukiri wizi, na Castory asingekiri mbele ya mwanika dagaa. Alimwambia mawaridi yote meupe yanafanana, na kwamba akitaka moja anunue kama wanavyonunua wengine.

"Halafu, mama," aliongeza, "ua ni la anayelimwagilia. Wewe uliacha."

Melania alimtazama. Kisha akamtazama Happiness, aliyekuwa amesimama mlangoni na tumbo lake, na akamtazama kwa huruma.

"Ndivyo unavyosema wewe mwenyewe?"

"Ndivyo."

"Haya. Tumesikilizana."

Akaondoka na dumu lake. Happiness alianza kulia. Alimsihi mumewe amkimbilie yule mama, amrudishie kitu chake. Alimkumbusha kwamba usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Castory alimjibu kwamba mwanamke yule si mkunga, ni mvivu wa kumwagilia, akaenda kufunga lango.

Uchungu ulimshika Happiness wiki hiyohiyo. Alijifungua salama hospitalini, mtoto wa kiume, mzito, mwenye afya. Wauguzi walimsifu. Kitu kimoja tu kiliwashangaza. Hakulia. Alivuta pumzi vizuri, akafumbua macho, akatazama dirisha.

Waliporudi nyumbani walikuta waridi limekufa. Jirani alikuwa akilimwagilia, na udongo wake ulikuwa bado umelowa. Castory alishika shina, likatoka mkononi bila kuvutwa. Halikuwa na mzizi hata mmoja. Udongo ulikuwa na tundu katikati, laini, na ulinuka maziwa.

Alilitupa nyuma ya nyumba, na hakumweleza mkewe.

Magharibi ilipoingia, mtoto akalia.

Hakuna aliyewahi kusikia kilio kama kile kwa mtoto wa umri ule. Hakikupanda wala kushuka. Alipewa titi, akalikataa. Alipewa dawa ya tumbo. Katekista alikuja, akasali, akatoka jasho, akaenda zake. Mtoto alikuwa anaanza kubadilika rangi Happiness alipokumbuka maneno ya Mwalimu Sia, aliyoyasikia siku ile kutoka mlangoni. Alichukua keni ya mumewe, akanyunyiza maji kidogo kwenye miguu ya mwanawe.

Mtoto akanyamaza.

Akapumua kwa starehe. Pumzi yake ilinuka udongo uliolowa mvua.

Castory alicheka. Alicheka peke yake, kicheko kifupi, na hakuna aliyemsikia akicheka tena baada ya hapo.

Kuanzia siku hiyo alimmwagilia yeye mwenyewe, kila magharibi, na hakumruhusu mtu mwingine kugusa keni. Msemo wake alikuwa ameukumbuka vizuri. Yule fundi wa dharau alipiga magoti kando ya kitanda na kulowesha vidole vya mwanawe kimoja kimoja, akijipendekeza kwa mtoto wa siku chache. Miche ya makaburini hakuileta tena, na ile iliyokuwa mezani aliirudisha mlimani kwa siri, akiipanda ovyo, maana hakukumbuka upi ni wa nani.

Mwisho alikwenda Kibirizi. Alimkuta Melania akigeuza dagaa juani, amenawiri, anaimba chini kwa chini. Castory alimpa shikamoo, ingawa walikuwa rika moja. Alimwambia amemletea mawaridi, yote aliyonayo, achukue.

"Maua siyataki," alisema Melania bila kuinua kichwa. "Umwana wanje, mwanangu yule, ametulia. Hata juu sipandi siku hizi."

"Ametulia wapi?" Castory aliuliza kwa kunong'ona.

Melania aligeuza dagaa wengine, akaendelea kuimba.

Kisha ikaja siku ambayo maji yalikatika mtaa mzima. Castory aligundua jua likiwa limeshainama. Pipa lilikuwa tupu, keni tupu. Alichukua ndoo akakimbilia ziwani, na huko akakuta watu wengi kuliko ufukwe, kila mmoja na ndoo yake. Alisukumwa, akasukuma, akatukanwa na watu aliowadharau miaka yote. Alipopata maji, giza lilikuwa linaingia. Alirudi mbio, maji yakimwagika miguuni, masikio yake yakisubiri kile kilio.

Hakukuwa na kilio.

Alisimama chini ya neti yake. Ndani, chumbani, taratibu… matone. Maji yalikuwa yanamwagwa kidogo kidogo, na mkono wenye subira. Na sauti ya mwanamke ikibembeleza.

"Hora… hora…"

Moyo wake ukatulia. Happiness amepata maji, alijiambia. Amepata kwa jirani, na siku hizi anambembeleza mtoto kwa Kiha. Akashukuru Mungu, kitu ambacho hakuwa na mazoea nacho.

"Castory?"

Sauti ilitoka nyuma yake, barabarani. Happiness alikuwa anaingia langoni na ndoo kichwani, anahema. Alisema amehangaika nyumba kwa nyumba mpaka akapata nusu ndoo, na kwamba alimwacha mtoto amelala.

Waliingia pamoja. Dirisha lilikuwa wazi. Keni ilikuwa mahali pake, kavu. Mtoto alikuwa macho kitandani, ametulia, na miguu yake ilikuwa inachuruzika maji. Chumba kizima kilinuka maziwa na dagaa.

Castory alianguka magotini. Alichota maji ya ndoo kwa viganja vyote viwili, akayamwaga juu ya miguu ya mwanawe, akachota tena, akamwaga tena, akisema ni mimi, baba, ni mimi.

Mtoto akaanza kulia.

Alilia mpaka Happiness alipomshika mumewe bega, akamtoa chumbani na kufunga mlango. Hakumgombeza. Alimwangalia tu, kama Castory alivyozoea kuwaangalia watu.

Siku hizi dirisha lile huachwa wazi kila jioni, na aliyeamua hivyo ni Happiness. Mtoto anakua vizuri, ana mashavu, na hajaita mtu baba. Magharibi ikiingia, Castory hukaa nje kati ya viriba vyake, keni imejaa mapajani, na kusikiliza maji yakimwagwa ndani.