Kikohozi cha Mwambani

Mimi nina wajukuu na bado nakimbia. Wanaocheka wacheke. Aliyenifundisha ni mama mkubwa Lusia, mke wa baba mkubwa Asukile, na yeye alichekwa kabla yangu, tena na watu wenye midomo mikali kuliko yenu.

Mama mkubwa alikuwa Mhehe wa Iringa. Baba yake, mzee Edmund, alikuwa tarishi wa serikali enzi za Mwingereza. Alibeba mkoba wa barua kwa miguu, na binti yake alimfuata kando ya Mto Ruaha tangu akiwa mdogo, mpaka mbio zikamwingia damuni. Alipoolewa huku kwetu, kwenye vilima vya kutoka Mbeya kwenda Tukuyu, hakuziacha. Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini. Mwanamke wa watu akionekana anakimbia, majirani waliuliza ni nyumba ipi inaungua.

"Mhehe, umeona mbwa?" baba mkubwa Saulo, mkubwa wa ndugu wote, alimtania kila asubuhi.

"Nimemwona, shemeji. Amekaa barazani anauliza maswali."

Basi anapiga kanga yake fundo, huyo, ameondoka.

Njia yake ilianzia nyuma ya migomba yetu, ikateremka kwenye kahawa mpaka ziwani. Ziwa hilo tuliliita Ziwa tu, maana hatukuwa na jingine. Ni la duara, limezungukwa na kuta za kilima, na maji yake hayanyweki kwa uchungu. Ukishafika chini unapita kwenye uwanda wa majani mafupi walikolishwa ng'ombe, pazuri mno, kisha unaingia chini ya miti mikubwa yenye ndevu za kuvu. Ukitoka hapo unafika Mwambani. Hapo jabali limeiegemea njia, upande wa pili ni maji, na maji yenyewe ni kina tangu hatua ya pili. Njia inabaki upana wa mwanamke mmoja na mtungi wake. Ukishavuka Mwambani, mbele kidogo ndipo ilipo chemchemi ya maji matamu, na wanawake wa boma letu walikuwa wakichota hapo.

Sasa nimseme babu yangu. Jina lake nitalitaja mbele, si hapa.

Kwetu mke hamwoni baba mkwe wake. Hamtazami, hamsemeshi, hatamki jina lake. Wakikutana njiani, mwanamke ndiye anayetoka. Anaingia majanini, anachuchumaa, anampa mgongo mpaka mzee apite. Na mzee mwenye utu hukohoa akiwa bado mbali, ili mtoto wa watu apate nafasi ya kujiweka. Babu yangu alikuwa akikohoa akishafika. Alizijua saa za kuchota maji, naye alitembea saa hizo hizo, na fimbo yake, na ugoro wake puani, apate raha ya kuona wake za wanawe wanavyotapanyika na mitungi kichwani kama kuku. Watu walisema ni mzee anayependa heshima. Mimi nasema alikuwa na roho mbaya, na kaburi halijanibadilisha mawazo.

Alikufa kwa homa ya mapafu. Alizikwa na mchungaji, nyimbo zikaimbwa, ng'ombe wakachinjwa. Kabla ya mavuno yaliyofuata, mke wa Saulo alikwenda kuchota maji na hakurudi. Walimkuta ziwani, Mwambani. Wakasema ameteleza. Mwaka uliofuata akaenda mke wa Ezekia, ndugu wa pili. Mwambani hapo hapo. Wakasema tena, ameteleza.

Lakini mitungi yao ilikutwa njiani. Imetuliwa vizuri, imesimama wima, imejaa pomoni. Mtu aliyeteleza hatui mtungi.

Baada ya hapo bibi yangu Damari, mjane wa yule mzee, aliwaita wake za wanawe jikoni akawanong'oneza. "Bado anatembea. Msipite Mwambani. Piteni juu ya kilima."

"Mama, kilimani na mtungi si ni kufa vilevile?" Lusia akauliza.

"Wewe pita kilimani, mwanangu. Ukikisikia kikohozi miguu yako itatoka njiani yenyewe. Haitakuuliza."

Wakapita kilimani. Njia ilikuwa ndefu na mbaya, mtu anafika nyumbani na nusu mtungi, na magoti yamechubuka. Lusia peke yake aliendelea kukimbia kandokando ya ziwa. Siku nyingine alipofika Mwambani alisikia harufu ya ugoro na hakuna mtu. Alikaza mwendo tu. Aliniambia kwamba alikuwa anaogopa sana, na kwamba hasira yake ilikuwa kubwa kuliko woga. "Njia haina jina la mtu," alisema. "Nikiiacha leo, kesho atataka uwanja wa nyumba."

Mwezi wa sita, wakati wa baridi, mdogo wao Timotheo alioa. Bibi arusi aliitwa Yudith. Huyo ndiye mama yangu mzazi. Kwa kuwa mimi niko hapa nasimulia, mnajua tayari kwamba hakuzama. Lakini kutozama si sawa na kutoka salama, kwa hiyo tulieni.

Yudith alilelewa vizuri mpaka ikazidi. Alisalimia kwa kupiga magoti, aliamka kabla ya jogoo, alitaka kila mtu bomani aseme Timotheo amepata mke. Asubuhi ya siku yake ya kwanza kuchota maji, kulikuwa na ukungu wa kukata kwa kisu. Lusia alirudi kutoka kukusanya kuni akamkuta bibi Damari jikoni anamenya ndizi.

"Bibi arusi yuko wapi, mama?"

"Amekwenda maji."

"Na nani?"

"Peke yake. Nilijua wewe umeshamwonyesha njia ya kilimani."

"Mimi? Sijamwonyesha kitu."

Saulo alikuwa amekaa mlangoni anaota jua ambalo halijatoka. Akasema bila kugeuka, "Mimi nimemwonyesha. Nimemwambia apite ziwani. Mke mwenye adabu hapandi milima kama mbuzi. Baba alikuwa mtu wa heshima, hawezi kumdhuru mwenye heshima."

Kisu kilimtoka bibi Damari mkononi. Alimtazama Lusia tu, na Lusia akatupa kuni.

Alikimbia.

Siku hiyo hakukimbia kwa raha. Alipita migombani majani yakimchapa uso. Alipita kwenye kahawa. Alipita uwandani bila kuona ng'ombe wala mchungaji, ukungu mtupu, na miguu yake ndiyo iliyomwongoza, maana ilijua kila jiwe. Chini ya miti alisikia ndege mmoja. Kisha hakusikia ndege tena.

Alifika Mwambani.

Mtungi ulikuwa njiani. Umesimama wima. Umejaa.

"Yudith!"

"Shhh." Sauti ilitoka chini, upande wa maji. "Dada, toka njiani. Anakuja."

Yudith alikuwa amechuchumaa ziwani. Maji yalimfika magotini. Ameinamisha kichwa, amefumba macho, mgongo ameuelekeza njiani, kama alivyofundishwa na mama yake. Uso wake ulikuwa mtulivu kabisa, na hilo ndilo lililomtia Lusia baridi.

"Nani anakuja?"

"Mzee. Hajapita bado. Nampisha."

Hapo ndipo kilipokohoa.

Kikohozi kikavu, cha mzee, upande wa pili wa jabali. Karibu mno. Yudith akasogea mbele hatua moja kumpisha. Maji yakamfika mapajani.

Fimbo ikagonga jiwe. Ko. Kimya. Ko.

Lusia akajitupa kifudifudi, akamkamata mkono. Ulikuwa wa baridi kama chuma cha asubuhi. Akavuta. Yudith akavuta upande wake, kwa upole, kwa adabu, anaomba radhi. "Dada, atatuona. Niache nimpishe. Ni aibu."

Kikakohoa tena. Yudith akateremka. Maji kiunoni.

Na Lusia aliniapia kwa Mungu wake wa Kikatoliki kwamba wakati huo miguu yake mwenyewe ilianza kugeuka. Yeye, Mhehe, ambaye mwiko ule haukuwa wa kwao! Magoti yalikunjika kuelekea majini. Kichwa kikataka kuinama. Akaona itakuwa raha sana kuchuchumaa tu, kumpisha mzee, mambo yaishe. Ugoro ukamjaa puani. Ukungu mbele yake ukatengana, kwa upana wa mabega ya mtu, na katikati hapakuwa na mtu.

Akasimama. Alikuwa analia, aliniambia, analia kwa hasira. Mkono wa Yudith hakuuachia. Akaitazama ile nafasi tupu, mahali ambapo uso ungekuwa, jambo ambalo hakuna mke yeyote wa boma lile aliyewahi kulifanya.

"Jailos!" akasema.

Fimbo ikanyamaza.

"Jailos! Nimekutaja. Nakutazama. Njia ni moja na mimi sitoki. Toka wewe!"

Akamng'oa Yudith majini kama mtu anavyong'oa muhogo, akamweka nyuma yake, akakimbia. Hakurudi nyuma kulikokuwa salama. Alikimbia mbele, kuelekea kwenye kikohozi. Njia ya upana wa mwanamke mmoja.

Kitu kilimgusa begani. Nguo iliyolowa, nzito. Baridi ikampiga kifuani mpaka pumzi ikakatika. Hakusimama. Akapita.

Nyuma yao wakasikia maji. Hapakuwa na kishindo cha kitu kilichoanguka. Ulikuwa mguu mmoja, taratibu. Kisha wa pili.

Walirudi kwa kuzunguka ziwa lote, wawili, wameshikana mikono. Mama yangu aliishi, akanizaa mimi na ndugu zangu, akacheka harusini kwetu. Ila kuanzia kiunoni kwenda chini hakupata joto tena. Tulimlaza karibu na moto, tulimfunika mablanketi, na hata wakati wa jua kali la mwezi wa kumi, ukimshika mguu ilikuwa kama kushika kitu kilichotolewa ziwani sasa hivi.

Saulo, badala ya kuona haya, aliita wazee siku ile ile. Alisema mwanamke ametamka jina la marehemu baba yao hadharani, ameuvunja mwiko, na pumzi za watu, ile laana ya manung'uniko ya majirani, zitaliangukia boma zima, tutaugua mpaka tuishe. Akataka Lusia atoe ng'ombe wa kuomba radhi, akishindwa arudishwe Iringa. Asukile akasimama kumtetea mkewe. Lusia akamvuta shati akae.

"Sina ng'ombe," akasema. "Na ningekuwa naye nisingetoa. Mmezika wanawake wawili mkasema wameteleza. Leo mtoto wa watu amefika majini kiunoni kwa sababu ya adabu yenu. Mnataka radhi? Twendeni Mwambani mkamuulize mwenyewe kama anaidai."

Hakuna aliyetaka kwenda, na hakuna aliyetaka kuonekana hataki. Wakaenda. Bibi Damari akawafuata, akachechemea mpaka mbele ya wote.

Ukungu ulikuwa umeondoka. Mtungi ulikuwa bado umesimama njiani, na kwenye udongo mbichi nyayo zilionekana wazi. Za Lusia, vidole vimechimba, zimenyooka katikati. Za Yudith, zimeburutwa. Na za tatu, kubwa, peku, za mwanamume, zilizotoka upande wa chemchemi zikiwa na tundu la fimbo kando yake. Zilifika pale zilipokutana na za Lusia. Zikasimama. Zikageukia pembeni. Zikatoka njiani.

Majanini, ukingoni mwa maji, palikuwa na mahali palipolazwa, pa mtu aliyechuchumaa akiwa ameipa njia mgongo.

Wazee walitazama kwa muda mrefu. Mmoja akavua kofia, kisha akaona ni ujinga, akaivaa tena. Habari ya ng'ombe haikutajwa hapo wala baadaye.

Bibi Damari, aliyeishi na mtu yule maisha yake yote, aliinama akapatazama mahali pale. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kumbe unaweza."

Akajitwika mtungi, akatembea nao katikati ya njia mpaka nyumbani.

Tangu siku ile wanawake wa kwetu wanapita ziwani. Kikohozi kinasikika, sitawadanganya, hasa wakati wa baridi. Sasa kinatoka chini, majini. Wanaokisikia hawanyamazi wala hawatoki njiani, wengine wanakiambia pole. Na majani pale hayajainuka. Yamefyekwa, yamechomwa moto, yameota upya kila mahali isipokuwa hapo.

Juzi alfajiri nimepita mbio zangu za kizee. Nilipofika Mwambani nikaona kitu ambacho mama mkubwa Lusia hakunihadithia. Ukingoni mwa njia, kwenye udongo, palikuwa na alama za vidole. Vidole kumi, virefu, vimeshika ukingo kutokea upande wa maji, na kucha zimechimba kama za mtu anayejivuta kurudi juu. Udongo wake ulikuwa bado unachuruzika maji.

Nilisimama nikapumua. Halafu nikakanyaga vyote, kimoja kimoja, kwa kisigino, nikaendelea na mbio.