Kaburi la Sheldon

Patroba wa Arlington, Texas, ni muuguzi, mtu wa kukagua mlango mara mbili kabla ya kwenda kazini. Si mtu wa mapepo. Kwa hiyo haya msiseme ameyatunga, maana hata uongo mdogo wa kumkwepa mgeni humshinda.

Jumamosi moja ya Agosti alikuwa akinywa chai na mkewe, Kerubo, simu ikalia. Alikuwa binamu yake, Sheldon, mtoto wa baba yake mdogo. Sheldon alikuwa fundi wa kuchora vibao kwenye filamu ya macowboy iliyokuwa ikipigwa kwenye ranchi moja magharibi mwa Fort Worth.

"Cousin, tunahitaji maiti," Sheldon akasema. "Jamaa wa hiyo part hajakuja. Ni kulala tu kwa jeneza, dakika mbili."

Patroba alicheka mpaka chai ikamwagika. Tangu utotoni kule Kisii, Kenya, filamu za macowboy zilikuwa ugonjwa wake. Alichapwa viboko visivyo na idadi kwa kutoroka shule kwenda kibanda cha video. Leo ndiyo aingie ndani ya filamu yenyewe?

Kerubo hakucheka. "Baba Angel, jeneza si kitanda. Na katika watu wote, ni Sheldon anakuita?"

Alikuwa na sababu. Miaka mitano nyuma, habari zilifika nyumbani kwamba Sheldon ameteketea kwenye ajali ya lori huko Houston, na hakuna mwili wa kusafirisha. Kwao, mwili usipopatikana, hukatwa shina la mgomba, likavishwa nguo za marehemu na kuzikwa kwa jina lake. Wakazika, wakalia, wakatawanyika. Wiki ya tatu Sheldon akapiga simu, mzima. Aliyekufa alikuwa mtu mwingine, ila alikuwa akitumia kitambulisho cha Sheldon. Watu walishangilia! Wazee wakataka shina lifukuliwe kwa taratibu zake, lakini Sheldon akawaambia huo ni ushamba. Basi kaburi likabaki na msalaba wake na jina lake, huku mwenyewe akitembea Texas. Tangu hapo alikonda, macho yakaingia ndani, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

"Hayo yalipita," Patroba akasema, akachukua funguo za gari.

Alifika saa tano. Mji wa filamu ulikuwa na mbele tu. Nyuma ya baa na benki hapakuwa na kitu ila mbao za kuegemeza. Feni kubwa zilipuliza vumbi barabarani. Patroba alijipiga picha na kila farasi aliyekubali kusimama. Akamkuta Sheldon akimalizia msalaba wenye jina la kubuni, akiivuta ile R yake yenye mkia mrefu, kama alivyoandika tangu darasa la tatu.

"Vaa hii shati," Sheldon akasema. "Ni yangu, lakini wameikubali."

Kisha akamsogelea, akanong'ona kwa lugha ya kwao. "Umekubali kulala mahali hapa?"

"Ndiyo."

"Umekubali?"

"Nimekubali, bwana!"

Mara ya tatu Sheldon aliuliza akitazama chini.

"Ndiyo! Kwani ni harusi?"

Shimo lilikuwa la kweli, kwa kuwa mwongozaji hakutaka udongo wa kuigiza. Saa sita mchana jeneza likateremshwa, kifuniko kikafungwa. Jua likaisha. Udongo wa kwanza ukagonga mbao.

Patroba alihesabu sekunde. Alipofika thelathini, bega lake la kushoto likapoa.

Kulikuwa na kitu kando yake. Kilikuwa kibichi, kinene, kimelowa. Jeneza lile lilikuwa jembamba, halikutosha wawili. Akavuta pumzi, akasikia harufu ya utomvu wa mgomba. Kwenye ranchi ile kavu! Juu yake watu wakaanza kulia. Hawakulia kizungu. Walilia kwa lugha ya kwao, na sauti moja ilikuwa ya bibi yake aliyekufa zamani.

Kitu kile kikageuka.

"Sheldon," kikanong'ona sikioni. "Umechelewa."

"Si mimi," Patroba akasema. "Mimi si Sheldon."

"Tunajua. Ametuambia."

Kifuniko kikafunguliwa. Jua, vumbi, watu wakimpigia makofi kwa kutotikisika. Sheldon hakuwepo, walisema ameondoka udongo ulipoanza kumwagwa. Ubavu wa kushoto wa shati ulikuwa na doa la kahawia. Kerubo alilifua mara tatu jioni ile, halikutoka.

Jumapili asubuhi wakijiandaa kwenda kanisani, shangazi akatuma picha kutoka Kisii. Kaburi la Sheldon lilikuwa wazi. Hapakuwa na alama ya jembe wala ya mguu. Shina la mgomba lilikuwa kando, kwenye nyasi, bichi, linachuruzika utomvu.

Patroba akapiga simu. Sheldon alipokea kwa miayo.

"Nimelala tangu jana, cousin. Miaka mitano sijalala hivi."

"Umenifanyia nini?"

"Nilikuuliza mara tatu."

"Nilidhani ni filamu! Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni hadi hospitali ulipougua surua, Sheldon! Mimi!"

Sheldon akanong'ona. "Ndiyo maana nilikuita wewe. Mwingine angekataa."

Simu ikakatika. Patroba akakaa sakafuni na suti yake ya kanisani, akalia kama mtoto. Kerubo akamshika bega la kushoto, akaondoa mkono haraka. Lilikuwa baridi.

Picha ya pili ikaingia, ya msalaba. Jina la Sheldon halikuwepo. Palikuwa na jina la Patroba, kwa rangi nyeusi, R yake imevutwa mkia mrefu. Pembeni kilionekana kidole cha shangazi, alichojaribu kulifutia. Kilikuwa cheusi. Rangi ilikuwa haijakauka.