Aliyeitikia Jina la Marehemu

Udongo ulikuwa umelowa. Miyatake aliugusa kwa kidole, akakitazama kidole, akaugusa tena. Bomba alikuwa hajalifungua, mvua haikuwa imenyesha siku nyingi, na udongo wa miti mingine yote kwenye rafu za uani ulikuwa umekauka kama unavyokauka kila asubuhi ya kiangazi hapa kwetu Kinashi. Msonobari mpya peke yake ulikuwa umeshanyweshwa. Majani yake membamba kama sindano yalikuwa bado yanadondosha maji.

"Chikako!" alimwita mkewe. "Huu mti umeumwagilia wewe?"

"Mimi? Niguse mti wako unipeleke mahakamani?" Chikako alijibu kutoka jikoni. "Umemwagilia mwenyewe ukasahau, Baba. Au ugonjwa wa Bwana Sogo umekuambukiza?"

Miyatake hakucheka. Kusikia tu jina la Sogo kulimfanya ageukie ukutani, ingawa pale uani hapakuwa na mtu wa kumwona.

Kinashi ni mji wa miti ya chunguni, ile inayokuzwa midogo kwa kupogolewa. Mtoto hapa hujua kupogoa msonobari kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Lakini Miyatake aliianza kazi hiyo uzeeni, alipostaafu udereva wa treni, na aliianza kwa pupa. Alinunua miti minadani, alipanda milimani kuchimba mingine, alibadilishana na majirani hadi wakawa wanajificha wakimwona. Rafu zikajaa. Hata hivyo, hapakuwa na mti wake hata mmoja uliowahi kumfanya mpita njia asimame.

Watu walisimama kwa Sogo, rafiki yake wa tangu shule. Sogo alikuwa na msonobari mmoja tu wa maana, shina limejipinda kama mzee anayeinama kuvua kiatu, gamba limepasuka kama tope la shamba la mpunga lililokosa maji. Kaka yake Sogo, Eikichi, ndiye aliyeung'oa kwenye mwamba wa kisiwa enzi za ujana wao, muda mfupi kabla hajafa maji. Tangu hapo Sogo alikuwa akiunywesha kila siku. Mtu akiutaka, kwa bei yoyote, jibu lilikuwa lile lile: "Si wangu. Namtunzia mwenyewe."

Kisha Sogo akapata ugonjwa wa kusahau.

Siku Miyatake alipokwenda kumjulia hali, alichukua vitumbua vya mchele alivyokuwa akivipenda Sogo. Njiani alijiambia anakwenda kumwona mgonjwa. Alipofika, macho yake yalikwenda uani kwanza, kwenye msonobari, ndipo yakarudi kwa mgonjwa aliyeketi barazani. Sogo alimtazama kwa muda mrefu. Uso wake ukafunguka kama wa mtoto.

"Kaka!" alisema. "Kaka Eikichi, umerudi!"

Mtu mwingine angesema, hapana ndugu yangu, mimi ni Miyatake. Neno lenyewe lilikuwa tayari mdomoni.

"Umeufuata mti wako," Sogo aliendelea, machozi yakimtoka. "Nimeutunza, Kaka. Ona. Haujafa. Uchukue sasa, nimechoka."

"Ndiyo, mdogo wangu," alisema Miyatake. "Nimerudi. Nimekuja kuuchukua."

Alipogeuka alimwona Fusae, mke wa Sogo, amesimama mlangoni na sinia la chai. Alikuwa amesikia yote. Aliweka sinia chini, akaleta kitambaa cha kufungia mizigo, akakifunga chungu vizuri kwa fundo safi, akamshikia Miyatake mlango wa geti. Wala hakumtazama usoni.

Basi asubuhi ya pili udongo ulikuwa umelowa tena, na ya tatu pia. Miyatake alihamishia kopo la kumwagilia ndani ya nyumba. Haikusaidia. Harufu nayo ikaanza: harufu ya kafuri, ile ya dawa ambayo wazee hujichua mgongoni, ikining'inia karibu na rafu hata jua la mchana likiwa kali. Chikako akifua alisikia ndara zinakokotwa kwenye changarawe nyuma yake, kriki, kriki, kama za mtu asiyeinua miguu. Akigeuka, hakuna mtu. Siku moja mkasi ulilia kwenye msonobari mbele ya macho yao wote wawili, chak, chak, sindano za majani zikaanguka juu ya udongo, na mkasi wenyewe haukuonekana.

"Baba," Chikako alinong'ona, "huu mti ulikupa nani?"

"Sogo."

"Alikupa akiwa na akili zake?"

"Nimesema alinipa!"

Habari za msonobari zilienea, na wenzake wa chama cha miti wakaja kuutazama. Kwa mara ya kwanza uani kwa Miyatake palijaa watu waliosimama kimya mbele ya mti. Siku hiyo ndiyo aliyokuwa akiiota miaka yote, na sasa ilipofika alitamani waondoke. Mzee Tsuji, ambaye ulimi wake hauna breki, aliinama, akachungulia shina, akainuka.

"Sogo alitukatalia sote. Wewe umempa nini? Umemlisha uyoga wa kulevya?"

"Sisi ni marafiki wa siku nyingi," alisema Miyatake.

"Hata mimi ni rafiki yake, na mimi alinipa chai tu."

Watu wakacheka. Kicheko kilipokuwa kikiisha, mtu akakohoa nyuma yao, kikohozi kikavu cha mara mbili kinachomalizikia kwa mguno. Kila mmoja pale alikijua. Mzee Tsuji aligeuka huku akitabasamu, mikono tayari kusalimia.

"Ah, kumbe Sogo mwenyewe..." alianza, akaishia hapo. Nyuma yao palikuwa na ukuta na ndoo iliyopinduliwa.

Hawakukaa tena. Walitoka mmoja mmoja wakiinamisha vichwa, na Tsuji, aliyekuwa wa mwisho, alimtazama Miyatake mtazamo ambao ulikuwa mbaya kuliko swali.

Kisha ikaja alasiri ya mvua kubwa. Chikako alikuwa ameketi kushona, Miyatake anatazama nje kupitia mlango wa kioo, na mvua ilikuwa ikimwagika juu ya rafu kwa kishindo, alipomwona mtu ameinama mbele ya msonobari, amevaa vazi jepesi la kulalia, mgongo umelowa hadi mbavu zinahesabika, na ingawa maji yalikuwa yanashuka kutoka mbinguni na kufurika nje ya chungu, mtu yule alikuwa ameshika kopo na anamwagilia, polepole, kwa uangalifu, kama asiyejua kwamba mvua inanyesha, kisha akaliweka kopo chini, akageuka, akaja kuelekea nyumbani, na mlango uliokuwa umekomewa haukumzuia, akapita, ndara zake zikiacha maji kwenye mikeka, harufu ya kafuri ikiwajaa puani na kooni, hadi akafika mbele ya Miyatake, akapiga magoti kwa adabu kama mgeni wa siku ya kwanza, akainamisha kichwa.

"Miyatake," alisema kwa sauti ya chini, "samahani kwa kuingia bila hodi. Nimekuja kumwagilia tu. Naondoka sasa hivi."

Hapakuwa na mtu tena. Palibaki mkeka uliolowa mahali pa magoti mawili.

Sindano ilikuwa imemtoka Chikako mkononi. Miyatake alikuwa amejifunika uso kwa viganja. Umbo lile halikumtisha kwa macho wala kwa meno. Lilimwita kwa jina lake. Halikusema Kaka. Lilisema Miyatake.

"Amekufa," Chikako alisema huku akilia. "Bwana Sogo amekufa, Baba, na sisi hatukwenda hata kumzika. Piga simu!"

Fusae alipokea upesi.

"Yupo," alisema. "Amelala hapa mbele yangu. Tangu uondoke na ule mti hajashuka kitandani, na sasa hata uji haumezi. Shemeji, hebu niambie. Mtu asiyeshuka kitandani, nyayo zake zinapataje tope?"

Miyatake alikata simu.

Kesho yake asubuhi Chikako alimleta Bi Tamai, mama mwombezi wa kando ya mlima, yule ambaye sisi humwita pale mtoto anapolia bila ugonjwa au nyumba inaponuka bila sababu. Alikuja na shanga zake nene na chumvi ya kufukuzia pepo ndani ya karatasi. Alizunguka uani akinusa, akagusa udongo wa msonobari, akarudi kuketi. Chumvi hakuifungua.

"Huyu si maiti," alisema. "Mwenye roho hii yu hai. Roho inaushinda mwili, inatoka kila siku kufuata kazi yake, na kila siku inarudi imechoka zaidi."

"Mfukuze, mama," alisema Miyatake.

"Naweza. Nikiifunga nyumba hii, hataingia tena. Lakini roho ikigonga mlango uliofungwa hupotea njia. Haitarudi mwilini. Rafiki yako hataiona wiki ijayo."

Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye msonobari. Ndipo Miyatake akauliza, na alipokuwa akiuliza alijisikia mwenyewe, kama anamsikia mtu wa chumba cha pili:

"Na mti, utabaki salama?"

Chikako aliziba mdomo kwa kiganja, kama mwanamke aliyemwona mumewe uchi mbele ya wageni. Bi Tamai alianza kuzikusanya shanga zake.

"Utabaki," alisema. "Mti hauna neno. Unywe chai yako, Bwana Miyatake, inapoa."

Hakuinywa. Alikaa akiitazama ile chai, masikio yakiwaka moto, na mke wake ameketi umbali wa mkono mmoja bila kumsogelea. Kisha aliinuka. Alikitafuta kile kitambaa cha Fusae, akakifunga chungu, fundo lake likatoka baya, akaubeba msonobari kwa mikono miwili kupita barabara kuu, saa ambayo watu wote wapo madukani. Aliwaona wanamtazama. Mzee Tsuji, aliyekuwa anakula tambi kwenye mkahawa wa pembeni, alisimamisha vijiti vya kulia hewani. Miyatake hakujificha wala hakuharakisha.

Fusae alimfungulia, akamwongoza hadi chumbani. Sogo alikuwa amelala, macho yamezama, vidole vinachezacheza juu ya shuka kama vinapogoa. Miyatake aliuweka msonobari pale ambapo mgonjwa angeuona, akapiga magoti, paji la uso likagusa mkeka.

"Mimi si kaka yako," alisema. "Kaka Eikichi alikufa. Mimi ni Miyatake. Uliniita kwa jina lake nikaitikia, kwa sababu niliutamani mti. Nilikuibia ukiwa mgonjwa. Nisamehe."

Vidole vilitulia. Sogo aliutazama mti kwanza, kwa muda mrefu, na rangi kidogo ikarudi mashavuni. Kisha akamtazama mtu aliyepiga magoti.

"Umesema nani?"

"Miyatake."

"Muongo!" Sogo alijiinua kwa kiwiko, yeye ambaye hakuweza kujigeuza. "Miyatake ninamjua tangu tuna makamasi. Yule hawezi kunifanyia hivyo hata kwa kufa. Wewe ni nani unayekuja nyumbani kwangu kumchafulia rafiki yangu jina? Fusae! Mtoe huyu mtu!"

"Sogo, ndugu yangu, ni mimi..."

"Toka!"

Fusae alimsindikiza hadi getini. Miyatake aliinama kumuaga, na hakuweza kuinuka vizuri.

"Amepaza sauti," alisema Fusae taratibu. "Hajapaza sauti mwezi mzima." Baadaye akaongeza, bila ukali na bila upole: "Mgongo wangu hauniruhusu kubeba maji, shemeji. Uje kesho. Upite mlango wa nyuma."

Tangu siku hiyo nyumba ya Miyatake haikunuka kafuri tena, na asubuhi udongo wa miti yake yote ukawa mkavu kama wa miti mingine yoyote. Sogo alianza kumeza uji, halafu tambi. Na kila siku Miyatake alipita mlango wa nyuma, kichwa chini, akaunywesha msonobari polepole hadi maji yatokeze chini ya chungu.

Siku moja alisikia dirisha linafunguliwa juu yake.

"Nani yule anamwagilia?" aliuliza Sogo kutoka ndani.

Fusae alikawia kujibu. "Ni Miyatake," alisema.

"Aa, Miyatake." Sauti ya mgonjwa ilitulia kabisa. "Basi nilale. Mti uko mikononi mwa mtu wa kuaminika."

Miyatake aliendelea kumwaga maji. Hakuinua uso hadi dirisha lilipofungwa.